Uzoefu wangu: vijiti vya kupimia maji ya bwawa la umma

Vijiti hivi vya plastiki vina vibao vidogo vinavyobadilika rangi vikichovywa majini. Ninavyopendekeza ni vile vinavyopima klorini huru (ile ambayo bado inaweza kuua vijidudu), klorini jumla (huru pamoja na iliyokwisha kufungwa), pH (kipimo cha uchachu wa maji) na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe). Vyenye klorini huru na pH peke yake ni rahisi zaidi, lakini haviwezi kukuonyesha kiasi cha klorini kilichokwisha kufungwa na mkojo na jasho.

Kausha vidole kabla ya kufungua kopo, kwa sababu unyevu ukiingia huharibu vijiti vyote vilivyobaki. Zamisha mkono ulioshika kijiti hadi kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji kutoka kwenye pampu, maana pale utapima dawa iliyoingia sasa hivi. Kitoe, usikikung'ute, kishike kikiwa kimelala, kisha linganisha rangi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa, rangi huendelea kubadilika. Na uvue miwani ya kuogelea kwanza. Wengi husahau kwamba vioo vyake vina rangi.

Klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, au 2 kama bwawa linatumia asidi ya sianuriki kuzuia jua lisiile dawa. Kwenye jakuzi iwe angalau 3. pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Watu hutazama klorini wakaishia hapo, ilhali pH ndiyo inayoamua kama klorini hiyo itafanya kazi. Kwenye 7.5 karibu nusu yake iko katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu, kwenye 8.0 hubaki takriban robo. Kwa hiyo bwawa lenye klorini 2 na pH 8.2 mimi siingii.

Klorini jumla ukiondoa klorini huru ndiyo iliyofungwa, yaani kloramini. Hizi ndizo zinazowasha macho, kukohoza watu kwenye mabwawa ya ndani na kutoa ile harufu inayosifiwa eti ni ya usafi. Kiwango kinachofaa ni chini ya 0.4, na hapa vijiti vinaniangusha: hatua za rangi zake ni pana mno kusoma tofauti ndogo kiasi hicho. Msimamizi wa bwawa anahitaji kipimo cha matone. Mwogeleaji atosheke na kuona kama vibao vya klorini huru na klorini jumla vinapishana waziwazi.

Kuna mtego mwingine: klorini ikizidi sana inaweza kupausha kibao, nawe ukadhani haipo kabisa. Ukishuku hivyo, changanya maji ya bwawa na maji ya chupa yasiyo na klorini nusu kwa nusu, pima, kisha zidisha jibu kwa mbili.

Vijiti havioni vijidudu. E. coli hufa ndani ya dakika moja kwenye maji yenye klorini ya kutosha, lakini kimelea cha Cryptosporidium, kinacholeta kuhara, huishi zaidi ya siku 7 katika miligramu 1 kwa lita. Rangi zote zinaweza kuwa sawa huku maji yakiwa na maambukizi. Mtu akiharisha bwawani, klorini hupandishwa hadi miligramu 20 kwa lita kwa karibu saa 13. Kinyesi kigumu huhitaji kama nusu saa tu kwenye miligramu 2. Wakifungua bwawa dakika chache baada ya mtu kuharisha, ondoka, hata kijiti kiseme nini.

Kabla ya kuchovya chochote, simama ukingoni utazame chini. Usipouona vizuri wavu wa tundu la kutolea maji, acha kijiti koponi, maana hata mtu anayezama hataonekana.

Kwa mwogeleaji wa kawaida nasema vinunuliwe, ila kopo dogo. Tarehe ya mwisho ikipita, tupa vilivyobaki, hata kama rangi bado zinaonekana nzuri.