Vitabu vya watoto: anza na vipi kama hela ni ya mawazo

Kila shule zikifunga napata meseji ile ile, "dada wewe mtu wa vitabu, nimnunulie nini huyu mtoto asishinde kwenye simu?" Mi huwa nauliza kwanza anasoma vipi sasa hivi, sitaki kujua yupo darasa la ngapi. Mtoto wa kaka yangu yupo la tano, Kiingereza anasoma kama mtu anatembea pekupeku kwenye kokoto lakini mpe Kiswahili hapo anakimbia, sasa huyu ukimletea limkitabu nene la Kiingereza kwa vile jirani kamnunulia wa kwake umenunua pambo la kabati.

Kabla hela haijatoka fungua ukurasa wowote wa katikati asome kwa sauti pale pale dukani, kila neno likimkwamisha anakunja kidole. Mkono ukiisha kabla ya ukurasa, rudisha. Kidole kimoja au viwili, lipia.

Namba moja kwangu, na sibishani na mtu, ni vile vyembamba vya Kiswahili vyenye picha vya wachapishaji wa hapa hapa, Mkuki na Nyota, E&D Vision na wenzao. Mtoto anakimaliza siku moja na ile kumaliza ndo inamfanya aombe kingine. Kwa Dar anzia maduka ya vitabu kama TPH pale Samora au Soma kule Mikocheni. Ukikuta lundo limechanganyika geuza nyuma usome ile namba ndefu ya ISBN, baada ya 978 ukiona 9976 au 9987 hicho ni cha Tanzania, 9966 ni cha Kenya. Halafu kikunjue uone kimeshikwa na nini, kwa mtoto chini ya miaka saba mi nataka pini katikati, ile gundi ya bei rahisi wiki mbili tu kurasa ziko chini ya kochi. Na hesabu kurasa jamani! Niliwahi kuuziwa kitabu mahali, kufika nyumbani ukurasa wa 16 unafuatiwa na wa 25, kumbe ni kopi ya kudurufu, picha nyeusi tii sungura humjui na jiwe hulijui. Mtoto ananiuliza "shangazi, sasa sungura alitokaje kisimani?" Mpaka leo sijui alitokaje.

Namba mbili riwaya za Kiswahili, kwa waliovuka miaka 12 hivi. Watu wanasema vijana hawasomi, wakati wanachopewa ni vitabu vya mtihani tu, nani angependa? Mpe Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kijana Kongowea anatoka Tanga anaingia Kenya kumtafuta baba yake, hapo hutasikia habari ya chaja. Au Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960 lakini Bwana Msa na upelelezi wake bado yumo, na Kiswahili cha Unguja humo ni kitamu balaa. Shaaban Robert msimpe kwanza, yule anataka msomaji aliyekwishakolea. Ila siyo kila riwaya ya zamani ni ya mtoto, zile za upelelezi za mitaani nyingine zina mambo ya chumbani, pitia wewe kwanza.

Namba tatu, mitumba ya Kiingereza wanayopanga chini pale Posta. Bei mnaelewana, karatasi ngumu, na kama mtoto yuko inglish midiam inaweza hata kupanda namba mbili. Cheki tu kama michezo ya ndani haijajazwa na mtoto wa Ulaya, na kama ni mfululizo usibebe cha nne wakati cha kwanza huna.

Namba nne vitabu vya maarifa, sayansi, ramani, wanyama. Kwa mtoto wa "kwa nini, kwa nini" asiyetaka hadithi hivi vihamishie namba moja. Tatizo vinachacha. Fungua ramani ya Afrika uitafute Sudan Kusini, imepata uhuru 2011, kama haipo ujue umeshika mzee. Sayari zikiwa tisa, kiliandikwa kabla ya 2006 Pluto haijatolewa. Vya wanyama havichachi sana, twiga ni yule yule.

Mwisho kabisa yale maboksi ya kung'aa wanayopitisha maofisini, vitabu kumi na kidude cha kutoa sauti, unachukua leo unalipa mwisho wa mwezi. Betri inakufa deni bado bichi.

Na kama huna hata mia, ingia tovuti ya African Storybook, hadithi za Kiswahili zipo bure na zimepangwa kwa ngazi. Peleka steshenari waprinti blakendiwaiti, kunja katikati piga pini mbili. Ya kwetu mtoto kaipaka rangi mwenyewe, nyuma akaandika bei elfu moja, na ananidai.