Tembele la urembo: miche safi, vyungu hapana

Juzi mteja aliyekuja kusukwa alisimama mlangoni, akayaangalia majani yanayoning'inia kwenye ndoo zangu, akauliza, "Dada, haya matembele fungu shilingi ngapi?"

Sikumlaumu, maana ni matembele kweli. Ni kiazi kitamu kilekile, ila hiki wamekichagua kwa rangi ya majani. Kuna cha kijani cha ndimu, kinawaka utadhani kimewekewa taa, na kuna cha zambarau iliyoiva mpaka inaonekana nyeusi. Marekani cha ndimu wanakiita Margarita na cheusi Blackie. Kijana wa kitaluni anaviita vyote tembele la urembo, na mimi nimelichukua hilohilo.

Nilinunua mwezi wa kwanza, mvua imeshakolea, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara upande wa Kisasa, hapahapa Dodoma. Jina nawahifadhia, kwa sababu ni watu wema na nina mawili matatu ya kuwasema. Saluni yangu iko Area C, kibaraza kinatazama magharibi, na jua la Dodoma la saa tisa alasiri mnalijua. Nilitaka kitu cha kushuka kama pazia mbele ya kioo. Nikachukua miche mitano kwa shilingi 5,000 kila kiriba, mitatu ya ndimu na miwili myeusi. Kijana akanishawishi na vyungu vitatu vya plastiki vya kuning'iniza, 12,000 kimoja. Ukiweka na bajaji, elfu sitini na tano ikaondoka asubuhi moja.

Miche sina neno. Mashina manene, majani hayana hata tundu moja, na nilipopasua kiriba mizizi myeupe ilikuwa imeushika udongo vizuri. Kijana alinifungia kila mche kwenye gazeti usipigwe na upepo njiani, bila kuombwa.

Siku ya tatu majani ya ndimu yakaanza kubabuka. Katikati ya jani doa la kahawia, kavu, ukiligusa linavunjika kama karatasi iliyopitiwa na moto. Kumbe kitaluni yalikuwa yanaishi chini ya wavu mweusi wa kivuli, mimi nikayatoa huko moja kwa moja mpaka kwenye jua la kibarazani. Hakuna aliyeniambia niyazoeshe kidogokidogo. Yale meusi yalivumilia, na kwa kweli jua ndilo linaloyakoleza rangi.

Nikampigia simu yule kijana wa kitaluni. "Kawaida hiyo dada'angu, mwagilia asubuhi na jioni." Nikamtii, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Tembele likipigwa na jua la mchana hulegea hata kama udongo umelowa, jua likizama linajisimamia lenyewe. Mimi kila nikiliona limelegea naongeza maji. Wiki ya pili majani ya chini yakawa manjano. Nikapindua chungu: chini kuna kitundu kimoja kama cha sindano ya kushonea magunia, ndani udongo wa mfinyanzi umekuwa uji, na unanuka. Kwa 12,000! Siku hizi nazamisha kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, simwagilii, hata majani yalie vipi.

Kilichoniokoa ni mkasi. Nilikata ncha zilizobaki nzima, kila moja urefu wa shubiri, nikatoa majani ya chini na kuzitumbukiza kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, pale kwenye dirisha la saluni. Wiki haikuisha zikatoa mizizi. Wateja walikuwa wanaikagua kuliko mimi. Nikachukua ndoo tupu za rangi, nikazitoboa matundu sita chini kwa msumari wa moto, nikachanganya mchanga wa korongoni, samadi iliyooza na udongo wa kawaida. Leo nina ndoo kumi na moja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kwenda: nunua mche mmoja wa kila rangi, basi. Kitalu hakitakwambia hilo, na siwalaumu, biashara ni biashara.

Mengine ni ya kwetu Dodoma. Maji ya kisima ya mtaani kwangu yana chumvi, yanaacha unga mweupe juu ya udongo, kwa hiyo nayatumia pale tu bomba linapokuwa halijafika zamu yetu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi na ule upepo, mmea unanuna, hauongezi hata jani. Lakini haufi. Ulaya huko barafu ikianguka usiku mmoja tu asubuhi umekuwa mweusi, ndiyo maana wanaupanda wa msimu. Kiangazi kikikaza angalia utitiri mwekundu mgongoni mwa jani. Mimi naupiga maji kwa chupa ile ya kulowanishia nywele, chini ya jani siyo juu. Na mbuzi wa jirani walishapita wakakata mstari ulionyooka kuliko mkasi wangu.

Kula? Miche ya kitaluni inapigwa dawa, usithubutu. Yaliyochipua kwangu nimeyapika mara moja, yanalika, ingawa rangi ya zambarau inatoka mpaka mchuzi unakuwa kama wino. Viazi vyake nilivikuta nilipomwaga ndoo moja: vidogo, maji matupu, havina utamu.

Miche nawapa tano kwa tano. Maelezo mbili. Vyungu sifuri.

Wiki iliyopita nilirudi kutafuta samadi. Vyungu vilevile vimetundikwa palepale, ila tembele jeusi sikuliona. Kijana akasema limewaishia lote, hata la mbegu hawakubakiza, akaniuliza kama mimi langu bado lipo nimpelekee vipande.

Nikamwambia lipo. Shilingi 5,000 kila kiriba.