Dawa ya kunyolea: tafuta dakika kabla ya kuuliza bei

Siku mbili kabla ya harusi ya mtoto wa dada yangu nilinunua Darajani, sokoni kwetu Zanzibar, tyubu ya dawa ya kunyolea, ile krimu inayotoa nywele bila ya wembe, kwa shilingi 5,000. Haina boksi, na maandishi yake ni ya lugha ambayo sijui hata herufi yake moja. Nikamuuliza muuzaji, inakaa muda gani hii? Akanijibu bila ya kuinua uso: "Robo saa, dada, inatosha."

Nikakaa nayo robo saa. Katikati kwapa likaanza kuchoma, nikasema moyoni kumbe ndiyo inafanya kazi. Nilipoosha, nywele zilitoka na ngozi ikafuata, nyembamba kama ganda la kitunguu. Usiku wa hina nilikaa mikono nimeitenga na mwili, na gauni nililoshonesha mwezi mzima limebaki kabatini. Jeraha lilifunga, lakini weusi wake umekaa kwapani miezi mitano.

Ndiyo maana sitawaeleza ipi inanukia wala ipi inalainisha. Zote zina kiharufu cha yai viza, hata zikitiwa waridi, na zote zinalainisha siku ya kwanza. Mimi naangalia jambo moja: dakika zimeandikwa wapi? Juu ya tyubu yenyewe, au kwenye boksi na kile kikaratasi cha ndani, ambavyo hapa kwetu vinapotea kabla mzigo haujafika dukani?

Jambo hili si dogo. Nywele ni keratini, yaani protini ngumu, na tabaka la juu la ngozi nalo ni keratini. Kinachoyeyusha nywele humo ni chumvi ya thayoglikoleti ndani ya alkali kali, na dawa haichagui. Inaanza na nywele kwa sababu ndizo zinazolegea upesi, ikimaliza inahamia kwenye ngozi. Hata sheria za Umoja wa Ulaya, zinazobana thayoglikoleti isipite asilimia 5, zinaruhusu pH, kile kipimo cha asidi na alkali ambacho kikipanda ndiyo alkali inazidi ukali, mpaka 12.7, na ngozi yetu yenyewe iko kwenye 5 hivi. Kwa hiyo kati ya kunyoleka na kuungua hakuna kitu ila saa ya ukutani. Tyubu isiyo na dakika ni sawa na chupa ya dawa isiyo na kipimo.

Kwangu mimi ya kwanza ni Veet, ile ya ngozi nyeti, na sifichi kwamba naipenda. Nyuma ya tyubu yangu maelekezo yamo: paka, subiri dakika 5, jaribu kipande kidogo, na 10 ndio mwisho. Boksi likipotea, tyubu bado inasema. Inataka pia ujaribu mahali padogo na usubiri saa 24, na baada ya kunyoa uache saa 72 kabla ya kurudia. Sisi Waislamu tunaochunga nywele zisivuke siku arobaini bila ya kunyolewa, saa 72 hazitubani hata kidogo. Anayeungua ni yule aliyebakisha vinywele akapaka tena jioni ile ile. Msome pia ngozi gani imeandikwa, kwa sababu ile ya ngozi ya kawaida ina dakika zake na hazilingani na za hii.

Ya pili ni Nair ya Marekani, ile ya chupa. Maelekezo yamebandikwa kwenye chupa, na hilo linanitosha kuiheshimu. Tabu yake ni kuipata. Ukiiona leo Michenzani, mwezi ujao huioni, na wa Pemba mara nyingi inabidi waagizie kwa mtu anayevuka.

Ya tatu poda ya kukoroga na maji, wanayoipenda wanaume kwa ndevu. Dakika zimo kwenye kopo, lakini uzito wa uji unautia wewe, leo mzito kesho mwepesi, na ndevu si kwapa. Sikupi ruhusa ya kuipeleka sehemu za siri.

Tyubu za 3,000 na 5,000 zisizo na boksi wala lugha unayoisoma, ziache. Kama mfuko hauruhusu, chukua sukari, ndimu na maji kidogo, upike halawa ya kung'olea nywele kama walivyopika mama zetu. Inauma, lakini ikipoa vizuri haiunguzi.

Sasa nizungumze na wauzaji, kwa sababu hili linaniuma. Maboksi mnayatoa ili sanduku la safari libebe mzigo mwingi, nafahamu, ila mkitoa boksi mnatupilia mbali na onyo lake. Halafu tyubu inakaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la kaskazi tangu asubuhi. Veet hiyo hiyo moja nimeuziwa 25,000, na mtaa wa pili 32,000, na nikiuliza kwa nini naambiwa "hii ndiyo orijino". Basi ile ya kwanza ni nini? Vipodozi Zanzibar vina sheria yake tangu 2006, na ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ndio wenye kazi ya kuvidhibiti. Mwenye tyubu iliyomuunguza asiitupe kwa hasira, aipeleke kama ilivyo.

Na ukihisi inachoma, usingoje dakika zitimie. Ifute, fungulia maji ya baridi mengi, osha muda mrefu bila ya sabuni. Usitie ndimu, usitie dawa ya meno, usipake deodoranti wala udi wa kupaka siku hiyo. Ikitoka malengelenge, nenda hospitali, usione haya kwa sababu ni kwapa.

Wiki iliyopita Mlandege nilishika Veet, nikaona lebo ya bei imebandikwa juu ya maelekezo kabisa. Nikaanza kuibandua kwa ukucha. Muuzaji akanuna: "Dada, unaharibu mali." Nikamwambia nalipa, subiri. Lebo ilitoka vipande vipande, na chini yake, kwa herufi ndogo, ile 10 nikaiona. Nikafungua pochi.