Fundi aliyepulizia kamera yangu mate

Sitaji jina la duka, maana Tanga ni ndogo na watu tunajuana. Ni duka la ufundi wa simu na kamera hapa Ngamiani, na wenyeji mkifikiri kidogo mtalijua. Kwa yeyote aliyepata kamera yake ya kwanza nasema hivi: usiipeleke pale. Simu labda. Kamera, hapana.

Kamera yenyewe nililetewa na mdogo wangu anayefanya kazi Muscat. Aliitumia yeye kwanza, lakini aliitunza. Ni ile ya kubadilisha lenzi. Niliitaka kwa jambo moja tu. Nyumba ya marehemu mama, ile ya kizamani yenye baraza pande zote mbili za mlango, ndugu walikwisha kubaliana ivunjwe zijengwe fremu za maduka. Kuzuia sikuweza. Nikasema basi, kabla haijaguswa nitaipiga picha yote, kuanzia bati la juu lenye kutu mpaka uani, na hasa lile baraza la kushoto alilokuwa akikaa alasiri kusuka ukili.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa najifunza. Nilikuwa nakwenda Raskazone, na mara nyingine kule Deep Sea wavuvi wakirudi. Yalikuwa majira ya kusi, upepo unavuma mchana kutwa. Nikafanya kosa ambalo sasa nalijua: nilibadilisha lenzi palepale mchangani, mdomo wa kamera uko wazi unatazama juu. Siku chache baadaye nikaona vidoa vitatu vya kijivu kwenye anga, kila picha mahali palepale. Nikafuta lenzi kwa kitambaa laini cha miwani, vidoa vipo. Nikaweka lenzi nyingine, bado vipo. Ukifika hapo jua kwamba vumbi haliko kwenye lenzi, liko ndani, kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea picha. Ukitaka uhakika, elekeza kamera kwenye anga tupu, punguza tundu la lenzi mpaka f/16 au f/22 (namba kubwa, tundu dogo), kisha piga. Tundu likiwa dogo kila punje ya vumbi inaacha kivuli kilichokolea. Ukilifungua wazi, vivuli vinafifia mpaka hutaviona, ndiyo maana wengi wetu tunaishi na vumbi miezi bila kujua.

Basi nikaenda dukani.

Nikatoa salamu. "Asalaam aleikum." Fundi hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikarudia, "Habari za kazi, fundi?" Akanyoosha mkono bila kuinua uso, maana yake lete. Umri wake ni wa kitinda mimba wetu. Mimi nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na sijazoea mtu kuachwa na salamu yake mkononi. Lakini nilikuwa na shida, nikanyamaza, nikaeleza.

Hakuniacha nimalize. Akachomoa lenzi, akailaza mezani kioo kikiwa chini, juu ya meza yenye vumbi la risasi ya kuchomelea. Akabonyeza pale pa usafi, kioo cha ndani kikanyanyuka, sensa ikawa wazi. Kisha akaisogeza mdomoni akapuliza. Alipuliza kama mtu anayewasha mkaa! Mara ya kwanza, mara ya pili. Niliona mate kwa macho yangu. Nikamwambia kwa heshima zote, "Fundi, taratibu, hapo ndani nasikia hapatakiwi unyevu." Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia. Akasema, "Mama, hiki si chombo cha jikoni. Niachie mwenyewe."

Wateja wawili wakacheka.

Yeye akachukua kijiti cha pamba, vile vya masikio, akakizungusha mle ndani. Kisha akafunga, akasema elfu kumi na tano. Nikalipa. Mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Chombo cha jikoni! Nimelala na neno hilo siku nyingi. Jikoni kwangu hakuna sufuria inayopuliziwa mate. Sufuria huoshwa, hufutwa, hufunikwa, na mtoto akipumulia chakula anakanywa. Kama angeishika kamera ile kwa adabu ya jikoni ingetoka salama.

Usiku nikapiga picha ya ukuta mweupe. Vidoa vitatu vimekuwa sijui vingapi, vingine vya duara vyenye ukingo kama tone lililokauka, na katikati unyuzi wa pamba umejikunja. Kubomoa kulipangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Nikaamka alfajiri nikapiga hivyo hivyo. Sikuwa na la kufanya.

Niwe mkweli, duka halikukosa yote. Kifuniko cha betri kilikuwa kinalegea na walikikaza vizuri, hakijafunguka tena. Na kuna kijana pale, mwanafunzi wa fundi, aliyenifuata mpaka barabarani. "Shikamoo mama. Samahani sana. Nunua kipulizio cha mpira, kile cha kubinya kwa mkono, ushike kamera mdomo ukitazama chini ili vumbi lidondoke." Alisema haraka haraka huku akitazama nyuma. Kijana huyu akifungua kwake, mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua kuwapa duka lile nyota mbili.

Aliyenisafishia hatimaye ni mpiga picha wa harusi kule Chumbageni. Kwanza alihakikisha betri imejaa, kwa sababu ikizimika katikati ya kazi kile kioo na shata, pazia linalofunika sensa, vinaweza kurudi juu ya kifaa ulichoingiza. Akafunga dirisha, akazima feni. Akapuliza kwa mpira, kamera ikitazama chini. Lililobaki akalifuta kwa kibanzi maalumu chenye kitambaa na dawa matone mawili, mara moja kwenda, mara moja kurudi kwa upande wa pili, akakitupa. Hakurudia kile kile. Akanionyesha pia kwamba picha huingia kwenye sensa imepinduka, kwa hiyo doa unaloliona juu ya picha, vumbi lake litafute chini. Nikamuuliza deni langu, akasema, "Mama, lete tu hizo picha za nyumba nizione."

Ni yeye aliyenifundisha mengine ambayo kwa hewa yetu ya chumvi ni lazima. Ukitoka pwani, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Usiifungie kabatini kwenye begi la ngozi, lenzi itaota ukungu. Iweke kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukikaa kwenye kiyoyozi, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka nje, ipate joto taratibu, la sivyo itatoka jasho. Mchele wanaoushauri watu siutaki, una vumbi lake.

Mpwa wangu amekaa na kompyuta siku mbili akifuta madoa kwenye picha za nyumba. Kwenye anga yamekwisha kabisa, huwezi kujua. Nilipoona hivyo hasira zikapungua, nikasema hata fundi ana siku mbaya.

Lakini ipo picha moja ya baraza la kushoto. Unyuzi wa pamba umeangukia palepale ukutani mama alipokuwa akiegemeza mgongo, pale chokaa ilipochakaa ikawa na alama ya mabega yake. Mpwa akijaribu kuufuta, ile alama nayo inaondoka. Nikamwambia aache. Na ukuta wenyewe haupo, sasa ni fremu nne, mojawapo wanauza vocha. Kwa hiyo nyota mbili nazirudisha. Hata moja siwapi.

Juzi nilipita pale nikielekea sokoni Mgandini. Kijana akaniamkia kutoka ndani. Nikaitika, nikamsalimu na fundi wake. Akainamia simu aliyokuwa anaichokonoa.