Zotero: uzoefu wangu wa kuandika marejeleo kwa Kiswahili nikiwa Kigoma

Nimeitumia Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza na kupanga marejeleo, mwaka mmoja na nusu kuandika tasnifu ya umahiri, yote kwa Kiswahili, kuhusu msamiati wa wavuvi wa dagaa na migebuka wa Ujiji. Nafundisha sekondari hapa Kigoma, chuo kiko mbali, kwa hiyo kazi hii huifanya usiku nyumbani Mwanga.

Zamani marejeleo niliyachapa mwenyewe, moja moja. Msimamizi aliponiambia mwaka ukae baada ya jina la mwandishi na si mwishoni, nilishinda siku tatu nikihamisha nukta na mabano. Mwalimu mwenzangu alinihurumia, akaniwekea programu hii kutoka kwenye flashi yake.

Ni ya bure, na maktaba yako yote inakaa ndani ya kompyuta. Bando likiisha, kazi inaendelea. Kwenye Word au LibreOffice unaandika herufi chache za jina la mwandishi, nukuu inaingia, na orodha ya mwishoni inajipanga. Kubadilisha mtindo mzima ni kubofya tu.

Lakini kilichonifanya niipende hasa ni jambo jingine. Sura ya pili ilirudi ikiwa na duara jekundu kwenye kila “and” na kila “et al.” Msimamizi alikuwa na haki: tasnifu ya Kiswahili itakuwaje na marejeleo yanayosema Kiingereza? Ndipo nikajifunza kwamba mitindo ya Zotero imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo CSL (Citation Style Language), iliyoanzishwa na Bruce D'Arcus, na kwamba ipo mitindo zaidi ya 10,000 inayotolewa bure. Injini, yaani programu inayoisoma lugha hiyo, iliandikwa na Frank Bennett, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, naye akaiachia watu wote. Kila mtindo ni faili la maandishi ya kawaida. Nililifungua kwa Notepad, nikaongeza sehemu ya istilahi zangu: “na”, “na wenzake”, “uk.” (ukurasa), “mh.” (mhariri). Nilipofungua tena sura ya pili nikakuta “na wenzake, 2014, uk. 37”. Niliita mke wangu aje aone.

Wiki chache baadaye “and” zote zilirudi. Nilikuwa nimehifadhi faili bila kubadilisha jina la mtindo na kitambulisho chake, basi sasisho lilipokuja likafuta kazi yangu. Ukitengeneza mtindo wako, anza na mistari hiyo miwili ya juu, na nakala moja iweke pembeni.

Majina yetu nayo yanataka uangalifu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, jina lake la ukoo ni lipi? Programu hukupa visanduku viwili, cha ukoo na cha kwanza, lakini unaweza kuvigeuza kuwa kimoja, na jina likatoka zima kama lilivyo. Kwa wanazuoni wa pwani mimi hufanya hivyo.

Vitabu vya zamani vilivyoskaniwa kama picha utajaza taarifa zake mwenyewe, kwa sababu ndani yake hakuna maandishi ya kusomwa. Nafasi ya bure mtandaoni kwa mafaili ni MB 300, nami niliimaliza upesi kwa skani. Sasa nasawazisha orodha tu, ambayo haina kikomo, na mafaili nimeyaweka kwenye diski ya nje.

Mtindo wangu nimeshawapa wenzangu wawili, mmoja yuko Kasulu. Kilichobaki ni toleo la kitabu: mtindo wangu bado unatanguliza namba na kutoa “2 toleo”, wakati sisi tunasema “toleo la 2”. Mpangilio wake nimeshauona, uko mistari michache chini ya pale nilipogusa. Nitaushughulikia likizo ya Desemba.