Uzoefu wangu: bloku ya K24 na hedi ya K20 kwa gari la dragi lisilo na tabo

Wakuu, nimekaa na hii injini ya Honda, bloku ya K24 chini na hedi (kichwa chenye valvu) ya K20 juu, misimu mitatu sasa, nadhani inatosha kuisifia panapostahili na kuisema panapouma. Gari ni Civic EG ya milango mitatu, ndani imechunwa yote, kimebaki kiti kimoja na keji, inakimbia dragi, yaani mbio za mita 402 moja kwa moja, na sheria niliyojiwekea ni moja tu, hakuna tabo wala supachaja (vyote vya kusukuma hewa ndani), hakuna naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu). Hewa inavutwa na pistoni basi.

Kabla ya hapo nilikuwa na B18C, injini ya zamani ya Honda, na sitaki kumsikia mtu anaisema vibaya, ile injini niliipenda mno, VTEC (mfumo wa Honda unaohamia lobu kubwa ya kemu mizunguko ikipanda) ikifunguka nywele zinasimama, na kila aliyewahi kupitia Honda anaijua kama mkono wake. Tatizo halikuwa ubora, tatizo ni hesabu ambayo nilichelewa sana kuipiga. Injini isiyo na tabo ikishatengenezwa vizuri, hedi imesafishwa, kemu (shafti inayofungua valvu) kali, kompresheni juu, inakupa toki ya kama Nm 120 kwa kila lita, hapo umeshafanya kazi ya kiume na kupita hapo ni kukamua jiwe. Sasa chukua hiyo 120, zidisha na lita 1.797 za B18C, zungusha mara 8,500 kwa dakika, unapata kama farasi 260. Chukua 120 hiyohiyo, mzunguko uleule, weka lita 2.354 za K24, unapata kama 340. Farasi 80 za bure, sio za kemu ya ajabu, ni nafasi tu ya kuingiza hewa. Ili B ifike hapo ingebidi uizungushe zaidi ya 11,000, mimi nilikuwa naelekea hukohuko kichwakichwa, kila msimu springi mpya za valvu, boliti mpya za konrodi, na bado naachwa kwenye nusu ya pili ya njia.

Halafu watu watakwambia K24 ina stroki (safari ya pistoni juu na chini) ndefu, milimita 99, haipendi mizunguko. Ni kweli, ila pigeni hesabu mpaka mwisho jamani. Pistoni yenye stroki ya 99 kwenye 8,500 inakwenda wastani wa mita 28 kwa sekunde. Ile B yenye stroki ya 87.2, ukiilazimisha zaidi ya 11,000 ili ilingane nayo kwa nguvu, pistoni inakwenda mita 32 na ushee. Sasa hapo ipi ndio inateswa?

Nilifikiria na nyingine, sikurukia tu. 2JZ ya Toyota kila mtu anaitaja, lakini sifa zake zimetokana na kuhimili busti (presha ya tabo), ukiwa huna busti unabeba bloku zito la chuma kwa ajili ya presha ambayo haipo, na lita zake ni 3 tu. 4A-GE, nayo ya Toyota, ni tamu mno ila lita 1.6 ni lita 1.6. Kuna rafiki yangu kila tukikutana ananiambia weka LS, ile V8 ya GM, umalize mchezo, na kusema kweli kama gari langu lingekuwa la kusukuma nyuma ningemsikiliza, lita 5.7 au 6.2 kwenye injini fupi yenye kemu moja katikati ni jibu gumu kulipinga, hata kule Marekani kwenye Pro Stock, daraja la mbio za dragi, ambako hakuna tabo wanatumia inchi za ujazo 500, yaani zaidi kidogo ya lita 8, na tangu 2016 wamefungiwa mzunguko usizidi 10,500. Ujazo kwanza, kelele baadaye. Lakini gari langu linavuta mbele na ni jepesi, LS ingenibidi nijenge gari lingine.

Kwa hiyo bloku ya K24 chini, hedi ya K20 ya VTEC kamili juu, maana hiyo hedi ndiyo mali yenyewe, kemu zote mbili intaki na egzosti zina lobu ya juu, milango yake inapitisha hewa vizuri hata kabla hujaigusa. Kompresheni 13.5, mafuta ni E85 (ethanoli kwa wingi na petroli kidogo).

Hapa sasa niwape kisa. Nimeweka kemu kali, najua lazima nipime valvu na pistoni zinakaribiana kiasi gani, nikabandika udongo wa watoto wa kufinyangia kwenye vibonde vya pistoni, nikafunga hedi, nikazungusha injini kwa spana taratibu mizunguko miwili, nikafungua. Udongo umekandamizwa lakini umebaki mnene, nikaukata kwa wembe nikapima, milimita 3 upande wa intaki. Nikafurahi nikataka kufunga jumla. Usiku ndio nikakumbuka VTC. Hii injini inasogeza kemu ya intaki yenyewe ikiwa inafanya kazi, kwenye hedi yangu mpaka digrii 50, na mimi nimepima ikiwa sifuri! Kesho yake nikarudia nikiwa nimeisogeza mpaka mwisho na kuifunga. Nilipofungua, kwenye silinda ya kwanza udongo ulikuwa umekatika kabisa, alama ya valvu iko wazi kwenye alumini, unaona mwezi mdogo unang'aa. Ningewasha ile injini, siku ya kwanza tu kompyuta ikiisogeza kemu ningeokota vipande vya valvu kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Tukaibana VTC isivuke 25 na hapo ndio nikapata zaidi ya milimita 2 ninayoitaka. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye maneno yangu chukua hiki, pima na kemu ikiwa imesogea.

Mabaya yake. Kuipachika kwenye EG sio kazi ya wikiendi, B na K zinazunguka kinyume, kwenye K egzosti iko nyuma ukutani na intaki mbele, kwa hiyo mauntini, heda, shafti za magurudumu, waya, vyote vinabadilika, na gia inakwenda kwa kebo wakati B ilikuwa na fimbo, nimetoboa sakafu mwenyewe. Pampu ya oili ya K24 inakuja na shafti za balansi (za kupunguza mtetemo), usiiache kama unataka kuzungusha juu, weka ya K20 mapema, mimi niliambiwa nikaona ni fedha ya bure nikaua beringi za konrodi, kosa langu sina wa kumlaumu. Na fundi mmoja aliyenitobolea silinda aliniachia moja ina umbo la yai, ringi hazikukaa, tukarudia kazi yote. Siku hizi silipi mpaka nipime mwenyewe juu, katikati na chini.

Lingine ambalo wenye tabo hawaliwazi, siku ya joto na unyevu injini hii inapungua nguvu waziwazi unaihisi kwenye gia ya tatu, hakuna busti ya kuongeza kufidia. Na gia zikiwa mbali mbali ukibadilisha inaangukia chini ya VTEC, gari linalala. Nilibadilisha fainali ya giaboksi (uwiano wa mwisho wa gia) kabla hata sijaongeza farasi mmoja, na muda ulishuka kuliko kemu ilivyowahi kuushusha.

B ilikuwa inanipa sekunde 12.7 siku nzuri, hii kwa sasa 11.8. Mita 18 za kwanza bado sijazipatia, ila hapo ni tairi, klachi na mguu wangu, injini haina kosa.