Siku 16 wodini na mzee: uzoefu wangu wa hospitali ya serikali hapa Moshi

Naanza na nyota, maana najua wengi mnasoma hapo tu halafu mnaondoka. Wauguzi nawapa 4 kati ya 5. Dawa 2. Malipo na makaratasi 2, na hiyo ya pili ni ya dada mmoja wa dirisha la wazee peke yake. Choo cha wodi naomba tusikiongelee. Jinsi hospitali inavyowatunza watumishi wake yenyewe, 1. Najua si kawaida ndugu wa mgonjwa kuitolea nyota hiyo ya mwisho, lakini ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Jina la hospitali sitalitaja. Waliouguza hapa mjini wataitambua yao, na pengine si hiyo.

Mzee wangu ana miaka 71, anakaa Uru, ana kisukari cha miaka mingi ambacho alikuwa anakitibu kwa majani na ubishi. Mwezi wa tatu alikanyaga msumari kihambani, kwenye migomba yake ya nyumbani. Hakusikia kitu, na hilo ndilo tatizo la sukari ikikaa mwilini muda mrefu: miguu inakufa ganzi. Akaendelea kuvaa gambuti zake siku mbili, na mama ndiye aliyeona soksi imeganda damu. Tulipomfikisha kituo cha afya sukari ilisoma 23, juu mno, na kidole kidogo cha mguu kilishakuwa cheusi. Dripu, sindano, barua ya rufaa, twende.

Hapo ndipo ukoo ulipoanza kikao. Kwa watu wa Moshi mgonjwa akiwa mahututi kidogo tu, kila shangazi anasema "mpelekeni KCMC". Nawaelewa, ipo pale tangu 1971 na imetuzika na kutufufua. Lakini ile ni hospitali ya kanda nzima ya kaskazini, inatakiwa kupokea walioshindikana huku chini, siyo kila mwenye kidonda. Daktari wa kituo alikuwa ameandika hospitali nyingine, nami nikasema tufuate karatasi. Shangazi mmoja hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Mapokezi hayakuwa mabaya. Idara ya dharura walimpokea ndani ya dakika chache, wakampima, wakamfungulia faili. Shida ilianza kwenye kulipia. Kila kitu sasa ni namba ya malipo: unaenda dirishani, unapewa namba, unalipa kwa simu, unarudi kuonyesha, ndipo unakwenda maabara. Ni utaratibu mzuri kwa sababu pesa haishikwi mkononi na mtu. Ila siku ile mfumo ulikuwa umekwama, na sote tuliokuwa kwenye foleni tukawa tunamtazama kijana wa kompyuta kama watu wanaosubiri mvua. Karibu saa nzima. Mzee kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa kanga ya mama.

Kisha nikagundua dirisha la wazee. Sera ya Afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo, kama ilivyo kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Kwa mzee ina maana barua ya mtendaji, na ustawi wa jamii wakuhoji. Yule dada wa dirisha alimwamkia mzee "shikamoo baba", akamuuliza ng'ombe wangapi, kahawa kiasi gani, watoto wanafanya kazi gani. Mzee akataka kujibu kwa heshima zake za mangi, yaani aongeze idadi. Nikamkanyaga mguu mzima. Tukapata msamaha.

Msamaha huo, nawaambia mapema msije kushangaa, hauzidi kuta za duka la dawa la hospitali. Kitanda bure, daktari bure, upasuaji bure, insulini ilikuwepo. Dawa moja ya kuua vijidudu haikuwepo siku sita kati ya 16, na gozi, vile vitambaa vya kufungia kidonda, zilikuwa zinakuja na kuondoka. "Hii mtanunua nje." Nje ni ng'ambo ya barabara, maduka manne yamepangana yakikuangalia. Nilitumia kama sh. 96,000 kwa dawa na vifaa vya kufungia kidonda. Sijamlaumu mfamasia. Alinionyesha daftari la alichoagiza Bohari ya Dawa ya serikali na kilicholetwa, na pengo unaliona hata kama hujui kusoma majina ya dawa.

Kidole kilikatwa siku ya tatu. Daktari kijana, anaeleza polepole, anachora mguu nyuma ya karatasi. Sina la kuongeza hapo, kazi ilifanyika vizuri na kidonda kimepona.

Sasa nije wodini.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kinu cha unga. Miaka 14 sasa kazi yangu ni kupokea mashine kutoka kwa mtu aliyechoka na kuzikabidhi kwa mtu ambaye hajaamka vizuri. Ajali nyingi za kinuni nilizoziona hazikutokea katikati ya zamu, zilitokea kwenye ile nusu saa ya kupokezana. Mwenzako amebadilisha chekeche hakuandika, wewe unawasha, unga wote unatoka na pumba. Kwa hiyo nilipokaa pale kwenye benchi kumuuguza mzee, jicho langu lilienda lilikozoea.

Ukutani kulikuwa na bango: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nilicheka peke yangu. Hizo S tano ni za viwanda vya Kijapani, na sisi tunalo bango lile lile juu ya mashine ya kushona viroba. Na asubuhi, saa moja na nusu, niliona kitu ambacho kinuni kwetu bado hatujakiweza: wauguzi wa usiku na wa mchana wanapita pamoja kitanda kwa kitanda, daftari la ripoti mkononi. "Kitanda cha 9, baba wa sukari, siku ya pili baada ya upasuaji, sukari alfajiri 11, amechomwa insulini, amekunywa uji, kidonda kifungwe leo." Anayepokea anamgusa mgonjwa, anamwangalia kanula, kile kibomba cha dripu kwenye mshipa, anamuuliza "baba umelalaje?" Kila kitanda hivyo, na wodi ina vitanda 34. Hiyo peke yake ndiyo nyota tatu kati ya zile nne.

Jioni ni habari nyingine. Asubuhi wapo wengi, wapo madaktari wa raundi, wapo wanafunzi wa uuguzi na madaftari yao mapya. Jioni anaondoka mmoja amechoka, anakuja mmoja, na hapo katikati wageni wamejaa na mahotpoti yao.

Siku ya tano sista wa mchana alimchoma mzee insulini yake ya jioni kwenye saa kumi na mbili, kama kawaida, nusu saa kabla ya kula. Kabla hajaandika, kitanda cha 22 kikaanza kutapika damu. Akakimbia. Zamu ikaisha akiwa kule. Mzee kwa upande wake akala vijiko vitatu vya mtori akasema umepoa, hataki. Saa mbili na robo sista wa usiku akafika kitandani kwetu na trei, bomba la sindano limeshavutwa dawa, na karatasi ya mzee nafasi ya jioni ni nyeupe kabisa. Kwa karatasi hakuwa na kosa lolote.

Nikamwambia, "Sista, huyu ameshachomwa."

Hakunijibu "wewe ndiye muuguzi?" kama nilivyotegemea, maana hilo jibu nimewahi kulipata kwingine. Aliliweka lile bomba kwenye trei. Akaniuliza saa ngapi, na nani, na mzee amekula nini. Nilikuwa na daftari la shule la mwanangu ambamo naandika kila kitu, ugonjwa wa kazi, nikamwonyesha. Akampigia mwenzake simu kwa salio lake mwenyewe, mwenzake yuko kwenye bodaboda maeneo ya kipilefti, akathibitisha. Kisha akampima mzee sukari: 4.2, karibu na mpaka wa chini, na insulini bado inafanya kazi, na tumboni kuna vijiko vitatu. Akamkalia mzee kama mama mwenye mtoto mtundu mpaka akamaliza bakuli. "Babu, usipokula mimi na wewe tutakesha." Akampima tena saa nne, na tena saa saba.

Wapo watakaosema ningemshtaki yule wa mchana. Nilifikiria. Asubuhi nilikwenda hadi dawati la huduma kwa wateja, nikakuta limefungwa, na sanduku la maoni lina kufuli lenye kutu kiasi kwamba aliyelifunga huenda ameshastaafu. Nikiwa nimesimama pale nikajiuliza, kama angekuwa kijana wangu wa kinuni ningemfanya nini? Ningemuuliza kwa nini alikuwa peke yake.

Usiku uliofuata, kwenye saa nane, mzee analala, yule sista wa usiku akaja kukaa kidogo kwenye kibenchi karibu na meza ya dawa. Watumishi hawana chumba cha kupumzikia katika wodi ile, chai wanakunywa mle mle kwenye chumba cha kufungia vidonda, wamesimama. Yeye na mhudumu mmoja, wagonjwa 34. Anatoka Njombe, amepanga chumba Majengo. Zamu ya jioni ikiisha hakuna gari la kuwarudisha, kila mtu na bodaboda yake.

Nikamuuliza kama serikali inawalipa posho ya usiku. Akacheka.

"Kaka, mimi si wa serikali hivyo unavyofikiri. Mimi ni wa mkataba. Mwaka mmoja mmoja. Tunalipwa na mapato ya ndani."

Nikamwambia anifafanulie, maana kwangu nyote mnaovaa sare mnalipwa dirisha moja. Akanieleza kwamba ajira za kudumu zinatoka serikalini, lakini hazitoshi, kwa hiyo hospitali inaajiri wengine kwa fedha zake yenyewe, zile za wagonjwa wanaolipa na za bima. Bima nao hawalipi papo hapo: fomu zinakwenda, zinakaguliwa, iliyokosewa sahihi inakatwa. Basi mwezi ambao wanaolipa ni wachache na wa msamaha ni wengi, wa mkataba wanasubiri. Mwezi ule alikuwa anasubiri wiki ya tatu.

Aliposema "wa msamaha" hakumwangalia mzee. Mimi nilimwangalia.

Nimelifikiria hilo sana tangu siku ile. Nilitoka dirisha la wazee nikijisifu kwamba nimeokoa laki kadhaa kwa haki ya mzee wangu, na ni haki yake kweli, siirudishi. Lakini sera ilipoandikwa kwamba mzee atibiwe bure, mtu alipaswa kuandika pia bure hiyo inajazwa na nani. Kama haijazwi na hazina, inajazwa na duka la dawa lililobaki tupu, na sista wa Njombe anayepiga simu kwa salio lake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na ndani yake wasio na uwezo wamewekwa kugharamiwa. Mimi nitaiamini siku ile daktari ataacha kuniambia "hii mtanunua nje".

Mambo madogo kwa atakayekwenda kuuguza. Beba daftari na uandike saa, dawa na nani ametoa, lakini usiwawekee wauguzi daftari puani kama mkaguzi, wataona tu. Nenda na barua ya mtendaji tangu mwanzo, usisubiri kutumwa. Muda wa kuona wagonjwa jioni usije na watu kumi. Ile nusu saa ndiyo wanayopokezana, na kelele zenu zinakula taarifa za mgonjwa wenu wenyewe. Niliongea hili na inchaji wa wodi siku tunaruhusiwa, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kuhamisha muda wa wageni lisaa limoja halihitaji fedha, atalipeleka kwa katibu wa afya. La mtu wa pili usiku akasema, "Hilo baba yangu nimeandika mpaka kalamu zimeisha."

Jumanne iliyopita nilimrudisha mzee kliniki. Alikuja na chane mbili za mshare kutoka kihambani, za yule binti aliyemlazimisha kula. Nikamwambia mzee, watu watasema ni rushwa. Akasema rushwa hutolewa kabla, na yeye ameshakatwa kidole.

Tulipofika wodini sista hakuwepo, anaingia usiku. Inchaji akazipokea zile ndizi, akazisukuma chini ya meza, akavuta daftari la ripoti, na mimi nikachungulia. Chini ya kitanda cha 34 aliandika kwa mwandiko ule ule wa dawa: ndizi, chane mbili, za sista wa usiku, zikabidhiwe.